Hapana, Sijanunua Gari: Kile Chombo cha Njano Mlichokiona

Haya jamani, habari zenu. Tangu niweke ile klipu fupi nikiwa ndani ya chombo cha njano, swali ni lile lile: "Dada, kile cha njano ni ndege au jeneza?" Wengine mmeshahukumu kabisa, ati kapata gari sasa anaturingishia. Si gari. Wala si changu, ni cha mwenzangu wa kazini, kaniazima Jumamosi asubuhi nijaribu. Kwa hiyo wa "anajishaua" pumzikeni, na wale wa "kumbe Ulaya kugumu, mtu anapiga pedeli," nanyi pia pumzikeni.

Inaitwa velomobili. Ni baiskeli ya magurudumu matatu, mawili mbele, moja nyuma. Unaendesha umelala chali, miguu imetangulia, na umefunikwa ganda mpaka shingoni. Mota haina. Hii yake ni ya aina ya Quest, na kampuni iliyoibuni iko mji wa Dronten, hapa hapa Flevoland, mkoa wetu huku Uholanzi. Vitu hivi vimependwa huku kwa sababu ya upepo, lile ganda linaukata. Mkoa huu ulikuwa maji. Upande wetu wa mashariki ulikaushwa mwaka 1957, ni tambarare tupu. Kuna asubuhi nakwenda kazini na baiskeli ya kawaida, upepo wa usoni, napiga pedeli kwa nguvu zote na watembea kwa miguu wananiangalia kwa huruma.

Sasa kuingia. Unasimama ndani, unashika kingo mbili, unajishusha taratibu. Kwanza mwenzangu alisogeza pedeli zinifikie, maana miguu yangu mifupi, nyie mnanijua. Usukani ni fimbo moja inayosimama katikati ya mapaja, na breki ziko hapo hapo. Nilipoanza nilikuwa naishika kama mtu anayezama, nikaambiwa legeza mikono, kifaa kinakwenda chenyewe. Na kweli. Ikishika kasi, unapiga pedeli polepole tu na kipima mwendo kinasoma zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Ila makelele! Kila kokoto unalisikia ndani ya lile ganda, na pumzi yako mwenyewe pia. Ukitoka kwenye kinga ya miti, upepo wa ubavuni unakusukuma ghafla, hapo niliita majina yote ya Mungu. Tena uko chini sana, trekta likipita unaona tairi tu. Kugeuza kwenye njia nyembamba ya baiskeli hakuna. Unafungua vifuniko vya chini, unatoa miguu, unajisukuma kurudi nyuma. Watoto wawili walisimama kucheka. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Sasa wanaouliza, "Kwa nini usinunue gari tu?" Leseni. Ya kwetu Tanzania unaendeshea siku 185 tangu ujiandikishe manispaa, basi. Baada ya hapo unaanza upya, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani, na kila saa ya masomo unalipa. Mie nimeendesha Tanga mpaka Dar miaka. Kinachoniuma ni hiki: aliyeletwa kwa ajira ya kitaalamu, mwenye ile nafuu ya kodi ya asilimia 30, leseni yake inabadilishwa hata ikiwa ya Tanzania. Barabara ile ile, leseni ile ile! Sisi wa kuosha wazee tukakae darasani. Silalamiki, naeleza.

Velomobili haitaki leseni wala namba, kisheria ni baiskeli. Mwajiri akikubali, anaweza kukulipa senti 23 kwa kilomita bila kodi, sawasawa na mwenye gari. Lakini mpya ni euro 8,000 na kupanda, zaidi ya milioni 20 za kwetu. Kabla hujaandika "si una hela," kumbuka kuna mtu humu nilimtumia pesa za baiskeli ya mwanawe wa shule, zikaishia kwenye mchango wa harusi. Sijamtaja. Anajijua.

Na mwenzangu kanisimulia, hizi za kulala zimenyanyaswa na makaratasi tangu zamani. Mwaka 1933, Paris, mwendesha baiskeli Francis Faure aliendesha baiskeli ya kulala ya fundi mmoja Mfaransa, Mochet, haikuwa hata na ganda, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akavunja rekodi ya tangu 1914. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha baiskeli kikaamua hiyo si baiskeli ya mashindano. Nikasema, baba Faure, karibu kwenye foleni yetu ya kukataliwa na makaratasi.

Msinunue kwa sababu yangu. Mwenye kazi karibu, mwenye mgongo mbovu, anayeishi kwenye vilima, hesabu zake zingine. Mie nimeipenda, nikipata iliyotumika kwa bei ya maana nitafikiria. Tatizo ni pa kuiweka. Ina urefu wa mita 2.85, mie nakaa ghorofa ya tatu, na wenye nyumba wameshaniandikia kwamba korido si stoo. Kama uko mjini kwetu Lelystad na una banda la chini lenye mlango wa kuzidi sentimita 80, nitumie ujumbe, kodi tutaelewana.