Kununua safesi grainda iliyofunguliwa vipande vipande, angalia haya kabla hujatoa pesa

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena karakana, hapa hapa Maweni, Malindi. Mzigo mnaouona nyuma yangu, hivyo vyuma vimelala kwenye turubai, hio ni safesi grainda, ile mashine ya kusaga bapa la chuma mpaka likawa sawa kabisa, jiwe linazunguka juu na meza inakwenda na kurudi chini yake. Msichanganye na grainda ya mkono ya kukatia vyuma vya madirisha. Mimi hii nimeitafuta miaka, manake kazi zangu nyingi ni visu vya randa za maseremala, bapa za valvu za kompresa za friji, na vichwa vya injini za bodaboda vilivyopinda kwa joto, na zote hizo nilikuwa napeleka Mombasa, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi kwa kazi ya nusu saa.

Sasa wengi mkiona mashine imefunguliwa hivi mnakimbia, na mimi nasema usikimbie, njoo uangalie vizuri. Mashine iliyosimama na kupakwa rangi mpya inakuficha mengi, lakini iliyofunguliwa sehemu zake za siri ziko nje unazishika kwa mkono. Hasara yake ni moja, huwezi kuiwasha ukaisikia, kwa hivyo inabidi macho na vidole vifanye kazi ya masikio. Na bei inashuka sana kwa sababu hio hio, wenye kuogopa wamepita.

Haya, kabla hujatoka nyumbani beba vitu hivi. Tochi kali, kitambaa, mafuta ya taa kidogo kwenye chupa, fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, rula ya chuma nene ambayo una hakika imenyooka, na dayo geji, ile saa ya kupimia, pamoja na kishikio chake cha sumaku. Na simu iwe na chaji, utapiga picha nyingi.

Ukifika kwa muuzaji usianze na bei, wala usianze na ile sehemu kubwa ya chini inayovutia macho. Anza na spindo, yaani ile shafti inayobeba jiwe. Mimi nilimwambia yule mzee aliyeniuzia, ami, nionyeshe spindo kwanza, akaniambia iko kwenye gunia mwanangu, haina neno. Tukaifungua pale pale. Tazama kamera hapa karibu, naishika hivi kwa mkono mmoja, mwengine nazungusha polepole sana, yaani polepole kama unafungua redio ya zamani unatafuta stesheni. Ikienda laini kama iko ndani ya asali, sawa. Ukihisi inakwama kwama au kuna mchanga mchanga hata kidogo, hizo beringi zimekwisha. Alafu isukume na kuivuta kwa urefu wake, isicheze hata kidogo. Uiweke kwenye kiti chake, uweke dayo geji kwenye ule mteremko wa mbele ambapo jiwe linakaa, uzungushe. Sindano isitembee zaidi ya micron chache, na ikitembea micron 10, yaani 0.01 mm, hapo ujue utaona mawimbi kwenye kazi yako kila siku.

Beringi za spindo zinapatikana, nisiwadanganye, lakini sio zile za feni. Zinakuwa jozi maalum zilizolinganishwa kiwandani, zinabeba mzigo kwa pembe, na bei yake inaweza kukaribia bei uliyonunulia mashine nzima. Na katikati yake kuna pete mbili za chuma, moja ya nje moja ya ndani, zimesagwa urefu mmoja kabisa. Hizo pete ndo zimenitesa mimi. Mashine ya kwanza niliyowahi kununua, miaka hio, niliambiwa kila kitu kimo kwenye sanduku, nikaamini, nikalipa, nafika nyumbani pete moja haipo na ile flanji ya kushikia jiwe haipo. Nilikaa miezi na chuma kimelala uani, kila fundi wa kukereza akinitengenezea pete inatoka na tofauti, beringi inapata moto, mwisho nikaiuza kwa kilo. Iliniuma sana. Kwa hivyo flanji ya jiwe, nati yake, pete za spindo, na kifuniko cha jiwe, hivyo vinne niwekee mkononi kabla hatujaongea habari ya pesa. Kifuniko kikikosekana unaweza kutengeneza kwa chuma kizito, lakini usiwashe bila hicho hata siku moja. Na nati ya jiwe kwa mashine nyingi inafunga kwa kushoto, basi ukiona mtu ameipiga nyundo na patasi mpaka imeliwa, ujue hakujua, na angalia nini kengine amelazimisha.

Tukimaliza spindo tunaenda kwenye reli. Hapa tulia, hapa ndo roho ya mashine.

Kuna kitako cha chini, juu yake kuna kipande cha katikati ambacho mimi nakiita tandiko kwa sababu kimekaa vile vile kama tandiko la punda, alafu juu yake meza. Tandiko linakwenda mbele na nyuma, meza inakwenda kushoto na kulia. Kila vinapokutana kuna reli mbili, mara nyingi moja ya umbo la V na moja bapa, na meza imekaa kwa uzito wake tu, haijafungwa bolti, unaiinua inatoka. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, futa ile grisi nyeusi, mulika tochi kwa ubavu, sio kutoka juu, kwa ubavu. Unaona hivi? Hizi alama kama magamba ya samaki. Hizo ziliwekwa kwa mkono na fundi wa kiwandani akikwangua chuma kidogo kidogo mpaka reli zikakubaliana, na vile vishimo vinashika mafuta. Kama magamba yako mwanzo mpaka mwisho wa reli, umepata mashine iliyotunzwa. Kama yako mwisho tu alafu katikati kumekuwa kioo kitupu, pale pameliwa. Pitisha ukucha kutoka mwisho kuja katikati, ukihisi ngazi, hata ndogo, weka rula na ujaribu kupenyeza fila geji chini yake. Kwa mimi ikipita ile ya 0.05 mm naiacha mashine, au naichukua kwa bei ya skrepa, manake kurudisha reli hapa pwani sio kazi ya kwenda kununua spea, ni kukwangua upya kwa mkono kwa wiki nyingi na mtu mwenye hio elimu.

Kutu nayo, kuna kutu na kutu. Ile nyekundu ya juu inayotoka kwa kitambaa na mafuta isikutishe, sisi hapa bahari iko karibu, kusi ikivuma chuma kitupu ukikishika kwa jasho leo kesho kina alama za vidole vyako vitano. Lakini kutu iliyochimba mashimo juu ya reli, hapana. Na usije ukaisugua reli kwa msasa, tafadhali sana, unakula kile kile unachotaka kukihifadhi. Kama kuna kinundu kimeinuka kwa kugongwa, kishushe kwa jiwe la mafuta, taratibu, mpaka lisishike tena.

Mashine zingine, hasa ndogo, meza haitembei juu ya chuma, inatembea juu ya gololi au rola ndogo ndogo zilizopangwa kwenye fremu yake. Zihesabu. Ikikosa moja usitie ya baiskeli, zote lazima ziwe kipenyo kimoja kabisa, na ukibadilisha badilisha zote.

Kitu kengine watu wanakipita, namba. Tafuta namba iliyogongwa kwenye kitako, kwenye tandiko, kwenye meza. Mashine nyingi za zamani, kama Jones & Shipman za Leicester Uingereza au Brown & Sharpe za Marekani, vipande vyake vilikwanguliwa vikaoana kimoja na mwenzake, kwa hivyo meza ya mashine hii juu ya tandiko la mashine ile inaweza kukaa lakini haitanyooka. Mimi hapa namba zote tatu ni moja, mpwa wangu ndo aliziona chini ya rangi. Na ukijua jina na modeli, mfano 540 ya Jones & Shipman ambayo inasaga inchi 18 kwa 6, tafuta mtandaoni ile karatasi yenye mchoro wa vipande vyote, ichapishe, uende nayo ukitia tiki kipande kwa kipande.

Skrubu za kushusha jiwe na kusogeza tandiko, zungusha nati kuanzia mwisho mpaka katikati. Ikilegea katikati imeliwa, lakini hio sio mwisho wa dunia, nati ya shaba inachongwa hapa hapa kwetu. Meza ya sumaku, ile inayoshika kazi isisogee, weka kipande cha chuma, vuta mkono wake, jaribu kukiondoa. Mota hata usihangaike nayo sana. Nyingi ni za fezi tatu na nyumbani tuna fezi moja ya 240, suluhisho ni inveta, ile sanduku ndogo inayoingiza fezi moja inatoa tatu. Soma kibati cha mota, kikiandikwa 240/415 au 220/380 inaweza kufungwa delta, ni namna ya kuunga nyaya zake, ikafanya kazi na inveta hio. Kikiandikwa 415 peke yake mpe fundi wa kusuka mota aangalie kwanza. Na inveta uifungie mahali pakavu, chumvi ya hewa inakula bodi.

Bei sasa. Kadiria uzito, mashine ya ukubwa huu ambayo meza yake unaisogeza kwa mkono inafika kama nusu tani, zidisha kwa bei ya skrepa ya wiki hio, hio ndo sakafu, muuzaji hatashuka chini yake kwa sababu gari la vyuma chakavu litampa hizo. Yule mzee alianza elfu 95, nikamuonyesha kilichokosekana kimoja kimoja kwenye karatasi, kwa heshima, bila kumvunjia mashine yake, tukakutana elfu 60. Nikamtumia M-Pesa baada ya vipande vyote kupanda kwenye Canter, sio kabla.

Kubeba, kila skrubu kwenye mfuko wake na jina juu. Spindo isilale sakafuni kwenye gari, iwe mapajani mwa mtu, imefungwa blanketi, manake kila shimo la barabara linagonga zile beringi. Reli paka grisi na ufunge magunia. Kitako tumekishusha kwa cheni bloku na kukiviringisha juu ya mabomba matatu. Walioko Lamu, nyinyi hii ya vipande ndo yenu hasa, kipande kimoja kimoja kwenye boti kutoka Mokowe, haipiti nzima kwenye vile vichochoro.

Kuipanga, kitako kikae kwa pointi tatu, pima levo, alafu tandiko, meza, nguzo, spindo mwisho. Reli mafuta ya reli, namba 68 inafaa, usitie oili ya injini. Jiwe jipya ulitundike kwa kidole, uligonge taratibu na mpini wa mbao wa bisibisi. Sikilizeni. Mnasikia linalia kama kikombe cha kaure? Likitoa sauti ya kufa, lina ufa, livunje ulitupe mwenyewe asije mwengine akalitumia. Soma spidi iliyoandikwa kwenye karatasi yake isizidiwe na spindo yako, funga na zile karatasi za kukaa kati ya jiwe na flanji, pande zote mbili, washa ukisimama pembeni, dakika nzima, usisimame mbele yake. Alafu uso wa jiwe unyooshe kwa kijiti chenye ncha ya almasi.

Mwisho ni kuisaga meza ya sumaku kwa jiwe lake lenyewe. Iache spindo izunguke nusu saa ipate joto lake, washa sumaku, paka kalamu ya rangi juu yote, shusha 0.005 mm kila mpito mpaka rangi iishe. Hapa mnaona bado imebaki kona ile ya nyuma kushoto, basi tunashusha moja tena. Naam, imeondoka. Sasa nimesaga vipande vitano, kona nne na katikati, mpwa wangu anapima na maikromita, ananisomea. Kikubwa na kidogo tofauti ni 0.004 mm. Kesho asubuhi kuna kichwa cha bodaboda kinangoja hapo mezani, saa hizi naifuta, naipaka mafuta, naifunika turubai kabla upepo wa baharini haujaanza.