Jinsi ya Kulinganisha Ladha ya Divai Nyekundu ya Miaka Mingi

Watazamaji wapenzi, karibuni Kisumu. Divai tutakayoonja leo imechanganywa kwa mtindo wa Bordeaux, eneo la divai huko Ufaransa, hasa kwa zabibu za Cabernet Sauvignon na Merlot, nayo imelala chupani kwa zaidi ya miaka 15. Tuko waonjaji watatu, na kila mmoja ana kalamu na karatasi yake.

Kwanza, isimamishe chupa wima tangu siku iliyotangulia ili mashapo yatulie chini. Divai ya aina hii hufaa kunywewa ikiwa na nyuzi 16 hadi 18, ilhali joto la alasiri hapa hukaribia 30. Kwa hiyo iweke kwenye friji, ikiwa bado wima, mpaka ipoe kufikia nyuzi hizo. Walioko Nakuru, kwenye baridi, muda mfupi zaidi utawatosha. Zibua taratibu kwa sababu kizibo cha zamani hukatika upesi, kisha imimine polepole kwenye jagi la kioo huku tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa, na ukome mara tu mashapo yanapofika shingoni.

Sasa inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo, kama mnavyoona, umegeuka rangi ya tofali, wakati divai changa ingekuwa na zambarau.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi huiharibu: nusa, onja, kisha andika kabla mtu yeyote hajafungua kinywa kusema, kwa kuwa neno la kwanza kutamkwa mezani huwavuta wengine wote. Ukisikia harufu ya katoni iliyolowa, kizibo kimeiharibu divai na hakuna cha kulinganisha. Fungua chupa nyingine.

Tukisoma karatasi zetu, mmoja ameandika tumbaku, mwingine ngozi ya viatu vipya, na mimi udongo wa msituni. Huo si ubishi, maana zote ni harufu za divai iliyokomaa, ambayo harufu yake ya matunda imerudi nyuma. Kuhusu tanini, ambazo huacha ukakasi kinywani kama chai ya Kericho isiyo na maziwa, wawili tumeandika kwamba zimelainika, lakini mwenzetu analalamikia ladha ya chuma. Kabla ya kumpinga, muulize alikula nini. Alikuwa amekula samaki, na mafuta ya samaki yakikutana na madini ya chuma yaliyomo katika divai nyekundu huleta ladha hiyo hasa. Ndiyo maana, hata kando ya ziwa, samaki husubiri.

Asukutue kinywa kwa maji, ale kipande cha mkate mkavu, kisha aonje tena. Sote turudie baada ya dakika 20, tukiandika chini ya maneno yetu ya awali bila kuyafuta, kwa kuwa divai ya umri huu huweza kufifia haraka ikipata hewa, na tofauti kati ya mistari hiyo miwili ndiyo tutakayoijadili.