Mswada Uliolala Jaladani: Terrance Dicks, Robert Holmes na Kazi ya Mhariri katika Doctor Who

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja.

Wengi wenu humu ndani mnaandika tamthilia, au mnatamani kuziandika. Kwa hiyo jioni hii nimewaacha kando waandishi na waigizaji wanaotajwa kila siku, nizungumzie mtu anayekaa kati ya mwandishi na kamera: mhariri wa miswada. Mtazamaji hamjui. Kipindi kikipendeza anasifiwa mwandishi, kikichacha analaumiwa mtayarishaji. Lakini ipo tamthilia moja ambayo ukiifuatilia miaka yake yote, kila unapochimba unakuta mkono wa mhariri. Nayo ni Doctor Who.

Kwa wasioifahamu: ni tamthilia ya kubuni ya kisayansi iliyoanza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Ilisimama mwaka 1989, ikarudi kwa filamu moja mwaka 1996, kisha ikarejea kama tamthilia mwaka 2005. Mhusika wake mkuu anajiita Daktari. Anasafiri katika wakati na anga kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha simu ya polisi cha rangi ya bluu na ndani ni kikubwa kuliko nje. Akikaribia kufa, mwili wake hubadilika akawa mtu mwingine kwa sura na hulka. Kwa sababu hiyo waigizaji hupokezana na hadithi haifi.

Katika BBC ya miaka ile, tamthilia iliendeshwa na watu wawili, mtayarishaji na mhariri. Mtayarishaji alishika bajeti, waigizaji na studio. Mhariri alishika maneno: anatafuta waandishi, anakaa nao kuipanga hadithi, anasoma mswada wa kwanza, anaurudisha na maswali, anasoma wa pili, anaurudisha tena. Mwandishi akikwama au akiugua, mhariri ndiye anayekesha akiandika, na jina linalotokea kwenye skrini linabaki la yule mwandishi. Yeye mwenyewe hakutakiwa kujipa kazi ya uandishi katika kipindi anachokihariri, ila kwa ruhusa maalumu. Ninachokisimamia jioni hii ni kwamba alama ya mhariri haimo sana katika kurasa alizoziandika mwenyewe. Imo katika maswali aliyowauliza wengine, na katika watu aliowafungulia mlango.

Terrance Dicks alizaliwa mwaka 1935 East Ham, mashariki mwa London. Alisoma Kiingereza Cambridge, kisha akafanya kazi ya kuandika matangazo ya biashara. Alipanga kwa mwandishi mmoja, Malcolm Hulke, na huyo mwenye nyumba ndiye aliyemvuta kwenye uandishi wa runinga. Mwaka 1968 akaingia ofisi ya Doctor Who kama mhariri msaidizi, na haikupita muda akawa mhariri kamili.

Ofisi ile ilikuwa na majalada ya miswada ya zamani, iliyokataliwa au kusahauliwa. Dicks akaanza kuyapekua. Humo akakuta wazo la hadithi lililoletwa mwaka 1965 na Robert Holmes, mtu aliyewahi kuwa mwanajeshi, polisi na mwandishi wa habari. Hakuna aliyekuwa ameliomba, na hakukuwa na nafasi yake kwenye ratiba. Dicks akalipenda. Akamtafuta Holmes, wakaanza kulikarabati pamoja taratibu, pasipo ahadi yoyote kwamba litarushwa. Kisha hadithi nyingine iliyokuwa imepangwa ikavunjika dakika za mwisho. Pengo likatokea, na mswada pekee uliokuwa tayari ukawa ule wa jaladani. Ukaitwa The Krotons, ukaanza kurushwa mwishoni mwa Desemba 1968.

The Krotons yenyewe si hadithi kubwa. Naipenda, lakini hata anayeipenda ataona kwamba ni ya kawaida. Uzito wake ni kwamba ilimwingiza Robert Holmes ndani. Holmes ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza ya rangi, Spearhead from Space, mwaka 1970, ile yenye masanamu ya dukani yanayovunja vioo na kuingia barabarani. Ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza ya The Master, adui mkuu wa Daktari, mwaka 1971, na ndiye aliyewaleta Sontarans, viumbe wapenda vita. Katika hadithi yake ndipo sayari ya kwao Daktari ilipotajwa kwa jina mara ya kwanza, Gallifrey. Mwaka 1974 akamrithi Dicks kwenye kiti cha uhariri, na miaka yake mitatu pale mashabiki wengi huihesabu kuwa kilele cha tamthilia nzima. Vyote hivyo vimepitia jalada ambalo mhariri mwingine angelitupa.

Sasa twende kwenye The War Games, maana hapa kuna somo la ufundi.

Mwaka 1969 Patrick Troughton, aliyekuwa akimwigiza Daktari, alikuwa anaondoka. Msimu ulikuwa na mapengo mawili, hadithi ya vipindi vinne na nyingine ya vipindi sita, na zote mbili zilikuwa zimeanguka. Ikaamuliwa mapengo yaunganishwe yawe hadithi moja ya vipindi kumi. Dicks akamwendea Hulke, wakaketi kuandika. Muda ulikuwa finyu mno.

Tazameni walivyoijenga. Daktari na wenzake wanafika mahali panapoonekana kuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanapita kwenye ukungu, upande wa pili wanakutana na wanajeshi wa Roma ya kale. Wanapita tena, wanakutana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kumbe wanajeshi wametekwa kutoka nyakati mbalimbali za historia, wamepumbazwa akili, wanapiganishwa ili watakaosalia wawe jeshi la kuteka ulimwengu. Huo ni muundo wa waandishi waliobanwa na muda: ukiishiwa na mambo katika eneo moja, unavuka ukungu na kuanza jingine. Hadithi inaweza kurefuka bila kuchanika.

Lakini mwishoni lilikuwa linasubiri swali la kimhariri. Maelfu ya wanajeshi wametolewa kwenye nyakati zao. Nani atawarudisha? Daktari hawezi kukiongoza vizuri hata chombo chake mwenyewe. Mwandishi mvivu angewaacha hewani, na huenda mtazamaji asingeuliza. Dicks na Hulke hawakuwaacha. Daktari analazimika kuomba msaada kwa watu wake, wale aliowakimbia na anaowaogopa kuliko adui yeyote. Ndivyo Time Lords, Mabwana wa Wakati, walivyoingia kwa mara ya kwanza, baada ya karibu miaka 6 ambayo mtazamaji hakuambiwa Daktari ni wa kabila gani la viumbe. Wanawarudisha wanajeshi. Kisha wanamshitaki Daktari kwa kosa la kuingilia mambo ya walimwengu. Anajitetea kwamba ameingilia ili kupambana na uovu, nao wanakaa tu wakitazama. Wanamhukumu uhamisho duniani na kubadilishwa sura. Wenzake wawili, Jamie na Zoe, wanarudishwa makwao wakiwa wamefutiwa kumbukumbu zote za safari hizo isipokuwa ile ya kwanza. Ile dakika Zoe anaporudi kazini kwake akihisi kuna jambo amelisahau, na halimjii, huwa inanigusa kila ninapoitazama.

Uhamisho wa duniani haukuwa wazo la Dicks. Wakubwa waliomtangulia waliupanga ili kubana matumizi, kwani mitaa ya London ni rahisi kuliko kujenga sayari mpya kila mara. Msimu nao ulikatwa, kutoka vipindi 44 hadi 25. Dicks akaachiwa mzigo huo, na Hulke akamwambia ukweli mchungu: mkimfunga Daktari duniani mmebakiwa na hadithi mbili tu, viumbe wanakuja kutuvamia, au mwanasayansi mwenye wazimu.

Dicks hakubishana naye. Alilichukua lile kama swali: ipo ya tatu? Wakaitafuta pamoja, na jibu likawa Doctor Who and the Silurians, iliyorushwa kuanzia Januari hadi Machi 1970 kwa vipindi saba. Viumbe wake hawakuvamia. Ni wenyeji. Ni jamii ya reptilia wenye akili walioitawala dunia kabla ya binadamu, wakalala chini ya ardhi mamilioni ya miaka, na sasa wameamshwa na kituo cha utafiti wa nyuklia kilichojengwa juu yao. Wanapofumbua macho wanakuta nyumba ina watu wengine. Daktari anahangaika kuwapatanisha, na mzee wao mmoja anakubali, lakini kijana wa kwao mwenyewe anamuua. Mwishoni mkuu wa jeshi la binadamu anawalipua chini kwa chini, na Daktari anatazama moshi akisema kwamba yale ni mauaji.

Hivi mnafikiri hadithi hiyo ingezaliwa kama Hulke asingelalamika, au kama mhariri angemjibu kwamba bajeti ni bajeti, andika tu? Mimi sidhani. Watu waliokuwa kwao kabla hujaja, na mgeni anayesema ardhi ni yake: sisi wa pande hizi hatuhitaji kuelezwa uzito wake.

Pamoja na mtayarishaji Barry Letts, Dicks alidumu hadi 1974. Wao ndio waliofikiri kwamba kama Daktari ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni, basi anahitaji Moriarty wake, yaani adui wa kulingana naye kwa akili, akazaliwa The Master, aliyeigizwa na Roger Delgado hadi alipofariki kwenye ajali ya gari nchini Uturuki mwaka 1973.

Nataka nikae kidogo kwenye uhusiano wa Dicks na Holmes, kwa sababu mhariri mzuri humjua mwandishi wake kuliko mwandishi anavyojijua. Holmes hakupenda hadithi za kihistoria. Dicks akamshikilia: safari hii utaandika ya Enzi za Kati. Holmes akanung'unika, lakini alipoleta muhtasari wake, aliuandika kama ripoti ya kijeshi ya afisa wa Kisontaran aitwaye Hol Mes, kwenda kwa mkuu wake Terran Cedicks. Ukisoma majina hayo kwa haraka unawasikia wote wawili. Hadithi ikawa The Time Warrior, na ndimo Gallifrey ilimotajwa.

Dicks alipoondoka alimwambia Holmes kwamba ni desturi mhariri anayeondoka aandike hadithi ya kwanza ya msimu unaofuata. Desturi hiyo aliibuni papo hapo. Holmes akakubali, na Dicks akaandika Robot, hadithi ya kwanza ya Tom Baker akiwa Daktari.

Kisha kiti kikageuka, na yeye akahaririwa. Aliandika hadithi kuhusu mtawala katili wa Mabwana wa Wakati, Morbius, aliyebaki ubongo tu. Katika mswada wake, roboti mtumishi ndiye anayemtengenezea mwili kwa viungo vya viumbe walioanguka na vyombo vyao. Mwili unatoka wa kutisha kwa sababu roboti haijui uzuri ni nini. Inatimiza kazi, basi. Holmes na mtayarishaji Philip Hinchcliffe wakaona roboti ile itawashinda kuitengeneza. Dicks alikuwa nje ya nchi. Holmes akaiondoa, akaweka daktari bingwa wa upasuaji. Dicks alipousoma mswada mpya akapiga simu kwa hasira: daktari bingwa ataungaje mwili wa ovyo kiasi kile? Ni swali lilelile la kimhariri, nani anafanya nini na kwa sababu gani, na naamini alikuwa na haki. Akataka jina lake liondolewe, waweke jina lolote la bandia, mradi liwe lililopooza, lisilo na ladha. Holmes akaweka Robin Bland; bland kwa Kiingereza ni kitu kisicho na ladha. Dicks alipoliona limechapishwa akacheka, hasira zikaisha.

Yapo na mengine. Dicks aliandika zaidi ya vitabu 60 vilivyosimulia upya hadithi za runinga, na enzi ambazo hakukuwa na kanda za video, kizazi kizima cha watoto wa Uingereza kiliijua Doctor Who ya zamani kupitia sentensi zake fupi na safi. Katika kitabu kuhusu utengenezaji wa kipindi, alimweleza Daktari kama mtu asiye katili wala mwoga, asiyekata tamaa. Mwaka 2013, kwenye kipindi cha kuadhimisha miaka 50, Daktari alitamka maneno hayo kama kiapo cha jina lake. Dicks alifariki Agosti 2019. Holmes alikuwa ametangulia mwaka 1986, akiwa bado anaiandikia tamthilia ileile.

Lakini narudi kwa Morbius mara moja, kisha nipokee maswali. Ndani ya hadithi hiyo, iliyorushwa Januari 1976, Daktari na Morbius wanashindana nguvu za akili, na kwenye skrini zinapita sura za Daktari za zamani. Baada ya sura ya mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, zinafuata nyingine nane ambazo mtazamaji hajawahi kuziona. Hinchcliffe alitaka waigizaji maarufu wajitolee kupigwa picha hizo, hawakupatikana, kwa hiyo waliovaa mavazi wakapigwa picha ni watu wa nyuma ya kamera. Mmoja wao ni mhariri, Robert Holmes. Mashabiki walibishana miaka mingi kama sura zile zihesabiwe ama zisihesabiwe. Machi 2020, katika The Timeless Children, tamthilia ilipofichua kwamba Daktari aliwahi kuishi maisha mengi aliyofutiwa kumbukumbu zake, sura zile zikarushwa tena, safari hii kama sehemu ya maisha yake.

Haya, karibuni na maswali.