Wikiendi Kando ya Rhine: Chokoleti Jumamosi, Mwamba wa Joka Jumapili

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunapanga safari ya siku mbili ya kikundi, watu kumi hivi, kwa mlioko Ujerumani na nchi jirani. Jumamosi ni Köln, Makumbusho ya Chokoleti, yaliyojengwa mtoni kabisa. Jumapili ni Königswinter: mlima Drachenfels, kasri katikati ya mteremko na magofu ya ngome kileleni. Kaka Baraka, tuanze na kinachoharibu safari hii.

BARAKA: Ukingo wa mto, dada. Rhine ina reli mbili, moja kila upande. Königswinter iko ukingo wa kulia, kwa hiyo kutoka Köln Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, mnapanda treni za mkoa, RE8 au RB27, na haichukui hata saa nzima. Sasa mtu anaona treni imeandikwa Koblenz, anaita wenzake, "Njooni, hii hapa!" Kumbe ni RE5 au RB26. Nazo zinakwenda Koblenz, ila kwa ukingo wa kushoto kupitia Bonn. Msisome jina la mwisho wa safari, someni namba ya treni.

ZUHURA: Na waliokwishapanda?

BARAKA: Wasirudi Köln. Walio kwenye RB26 washuke Bonn-Mehlem, watembee hadi mtoni, pantoni inavuka mpaka Königswinter. Walio kwenye RE5 washuke Bonn Hauptbahnhof, wachukue tramu ya 66. Pantoni msiitegemee mto ukiwa umefurika.

ZUHURA: Tiketi.

BARAKA: Mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa mikoani nchi nzima, anapanda RE, RB na tramu bila kuongeza senti. ICE, treni ya mwendo kasi, haimo, na treni ya mlimani haimo. Wasio nayo watafute tiketi ya siku ya watu 5. Kikundi cha kumi kinanunua mbili, kwisha. Tatizo ni yule wa kumi na moja anayejiunga usiku wa Ijumaa...

ZUHURA: Hakosekani!

BARAKA: Hakosekani. Huyo alipe yake mwenyewe, msianze kugawana mbele ya mashine ya tiketi, treni haisubiri hesabu. Halafu kila watano wakae behewa moja na tiketi yao. Mkaguzi akiwakuta wawili huku na tiketi iko behewa la nne, maelezo yatakuwa marefu.

ZUHURA: Jumamosi, basi. Makumbusho mnunue tiketi za mtandaoni zenye saa ya kuingia, na mkutane Köln angalau saa moja kabla. Hiyo saa ina kazi. Mkitoka stesheni, kanisa kuu, Kölner Dom, liko pale pale mbele yenu. Msogelee ukuta wake wa zamani, muangalie jiwe kwa karibu. Sehemu kubwa ya mawe ya Enzi za Kati ni trakaiti, jiwe la volkano, iliyochimbwa Drachenfels, ikashushwa kwa mashua. Ujenzi ulianza mwaka 1248.

BARAKA: Utaona fuwele bapa zimetapakaa ndani ya jiwe la kijivu, nyingine ndefu kama ukucha wa kidole gumba. Ni madini yaitwayo sanidini. Na ndizo zinazowasumbua mafundi: jiwe likichoka, fuwele zinang'oka, uso unaanza kumenyeka. Kumbukeni sura ya jiwe hilo, mtakutana nalo kesho.

ZUHURA: Kutoka hapo fuateni mto kuelekea kusini, maji yawe mkono wa kushoto. Ni mwendo wa dakika ishirini na kitu. Wenye watoto wadogo wachukue basi 133. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1993, na kila mtu anakimbilia chemchemi ya chokoleti: urefu mita 3, ndani kilo 200 za chokoleti ya moto. Mhudumu anachovya biskuti nyembamba, anakupa. Hamchovyi wenyewe.

BARAKA: Mimi nawaambia watu wasikimbilie chemchemi. Kaeni kwanza kwenye kakao yenyewe, hasa mkiwa na mtu wa Kyela au Bundibugyo, maana huko kakao ni zao la nyumbani. Mbegu mbichi haina ladha ya chokoleti hata kidogo. Inavundikwa siku tano hadi saba pamoja na ule ute mweupe, joto linapanda, mbegu inakufa, na hapo ndipo vitu vitakavyozaa ladha vinapojitengeneza. Kisha inaanikwa hadi unyevu ubaki kama asilimia 7. Ikizidi hapo inaota ukungu kwenye gunia, na hakuna kiwanda cha kuiokoa. Mashine zote mtakazoziona, za kukaanga, kusaga na kukoroga, zinamalizia kazi iliyoanzia shambani.

ZUHURA: Kuna pia kibanda cha kioo chenye mimea ya kitropiki. Mkitoka kwenye baridi, lenzi ya kamera na miwani vinafunga ukungu papo hapo. Subirini kidogo, msifute kwa shati.

BARAKA: Kabla ya kulala mnunue chakula cha Jumapili. Maduka mengi Ujerumani siku hiyo yamefungwa. Mkisahau, jaribuni yaliyo ndani ya stesheni kuu.

ZUHURA: Jumapili, Drachenfels, yaani mwamba wa joka, mita 321. Treni ya mlimani inapanda tangu mwaka 1883. Katikati ya reli mbili kuna ya tatu yenye meno, na gurudumu la meno chini ya treni linashika humo, kwa sababu mteremko unafika asilimia 20 na gurudumu la kawaida lingeteleza.

BARAKA: Ushauri wangu: pandeni hadi juu moja kwa moja, kasri mliache kwa kushukia. Kileleni kuna magofu ya ngome ya karne ya 12, iliyobomolewa mwaka 1634. Na pale kwenye mwamba, zile fuwele za jana. Mawe yalichimbwa mpaka magofu yenyewe yakawa hatarini, serikali ya Prussia, dola iliyotawala huko wakati huo, ikayanunua machimbo mwaka 1836 ili kuyafunga.

ZUHURA: Kasri la Drachenburg ni jambo jingine. Minara kama ya zamani, lakini limejengwa 1882 hadi 1884. Mwenyewe, Stephan Sarter, mtoto wa mwenye baa wa Bonn, alitajirika kwenye soko la hisa, zikiwemo hisa za Mfereji wa Suez. Hakuwahi kuishi humo.

BARAKA: Mkishuka kwa miguu kutoka kasri, njia imetengenezwa vizuri lakini ni kali. Majani yakilowa inateleza, na magoti yatalalamika kuliko mapafu. Mwenye goti bovu akate tiketi ya kwenda na kurudi tangu asubuhi.

ZUHURA: Na kabla hamjapanda, pigeni picha ratiba iliyobandikwa kituo cha chini. Majira ya baridi safari hupungua. Treni ya mwisho ikiwaacha juu, mtashuka kwa miguu gizani, kwa hiyo angalau simu mbili ziwe na chaji ya tochi.