Mtoto wa Mdaiwa: Dickens na Umaskini wa London

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi. Naanza na ugomvi wangu wa siku zote. Kila ninaposahihisha karatasi za fasihi nakutana na sentensi ileile: Dickens aliandika habari za maskini kwa sababu alizaliwa maskini. Wanafunzi hawaitungi sentensi hiyo, wanaipata kwetu sisi walimu. Si kweli, na ukianzia hapo riwaya zake zote zinakupotea.

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alizaliwa Portsmouth mwaka 1812. Baba yake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Nyumbani kulikuwa na vitabu, tena kulikuwa na mtumishi, binti yatima aliyechukuliwa kutoka nyumba ya maskini ya Chatham, yaani makao ya umma ya wasiojiweza. Hebu lishikeni hilo: maskini wa nyumba ya akina Dickens alikuwa yule binti. Shida ya John ilikuwa matumizi. Alipenda kukaribisha wageni, alipenda kuonekana muungwana, na alikopa. Februari 1824 akatiwa Marshalsea, gereza la wadaiwa kusini ya mto Thames, kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 la mwoka mikate. Sheria ilimruhusu mwenye kudai amfungishe mdaiwa wake. Aliyefungiwa ndani atazitoa wapi hizo pesa? Hakuna aliyejibu. Mkewe na watoto wadogo wakahamia humo humo gerezani, maana kodi ya nyumba iliwashinda.

Charles alikuwa na miaka 12. Tayari alikuwa amepelekwa kazini katika kiwanda cha Warren, pale Hungerford Stairs, nyumba iliyooza, yenye panya, ukingoni mwa mto. Kazi ilikuwa kufunika vikopo vya rangi ya viatu kwa karatasi, kuvifunga uzi na kubandika lebo, kwa shilingi sita au saba kwa wiki. Baadaye kiwanda kilihamia mtaa wa Chandos, na watoto wakawekwa dirishani kwenye mwanga. Wapita njia walisimama kuwatazama wanavyofunga upesi.

Aliyemfundisha kufunga ule uzi aliitwa Bob, yaani Robert, Fagin. Najua wengi mmeshtuka kwa jina hilo, ngojeni. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ubavuni. Bob akamlaza kwenye nyasi kavu, akajaza maji ya moto katika chupa tupu za kiwanda, akamkanda karibu nusu ya siku. Jioni ilipofika akakataa kumwacha aende peke yake, akasema atamsindikiza mpaka kwao. Sasa kwao ni wapi? Kwao ni gerezani! Charles alijaribu kumkwepa, akashindwa. Walipokaribia daraja la Southwark akasimama kwenye ngazi za nyumba asiyoijua, akampa Bob mkono, akamwambia ndiyo hapa. Na kwa kuwa Bob angeweza kugeuka nyuma, akabisha hodi kweli. Mwanamke akafungua. Mtoto akamuuliza: hapa ndipo kwa Bwana Robert Fagin?

Nimelisimulia tukio hili miaka mingi na bado linanikaa rohoni. Miaka kama 13 baadaye anaandika riwaya ya *Oliver Twist*, anahitaji jina la mzee anayewafundisha watoto wizi, na analichagua jina la yule aliyemkanda ubavu. Kwa nini? Kwa sababu Bob alimtendea kama mwenzake. Watoto wa pale kiwandani walimwita "bwana mdogo", na bwana mdogo aliogopa jambo moja kuliko njaa: kuzoea pale, kukubalika pale, akawa mtu wa pale. Wema wa Bob ndio ulioelekea kumfanya awe wa pale. Hofu hiyo, hofu ya aliyeporomoka, ndiyo iliyoandika riwaya hizi.

Mwangalieni Oliver, yatima wa riwaya hiyo. Amezaliwa katika nyumba ya maskini, hajafundishwa neno na mtu, halafu anazungumza Kiingereza safi cha wastaarabu huku wezi wote wakizungumza cha mitaani. Huo si uzembe wa mwandishi. Ni Charles yuleyule dirishani, anayewaambia wapita njia kwamba yeye si wa hapa. Ndiyo maana wokovu wake huja kwa tajiri mpole, Bwana Brownlow, anayemtambua.

Baba alitoka baada ya miezi kama mitatu, kwa sheria ya waliofilisika. Kisha akagombana na jamaa aliyempa mwanawe ile kazi, na mtoto akaondolewa. Mama akaenda kusuluhisha, akarudi na habari kwamba nafasi bado ipo. Alitaka arudi! Dickens akaandika baadaye kwamba hakulisahau hilo, hatalisahau, wala hawezi kulisahau. Habari yote aliificha kwa miaka mingi, hata kwa mkewe. Aliyekabidhiwa siri ni rafiki yake John Forster, na wasomaji waliipata katika wasifu alioutoa Forster baada ya Dickens kufariki mwaka 1870.

Sasa yuko atakayeniuliza: kwa hiyo maskini wake ni wa kubuni? Hapana. Sheria ya maskini ya 1834 ilikuwa sheria halisi. Msaada ulitakiwa utolewe ndani ya nyumba za maskini, na maisha ya humo yalifanywa magumu makusudi kuliko ya kibarua wa chini kabisa, ili watu waogope kuomba. Mume alitengwa na mkewe. Mwaka 1845 ilifichuka kwamba huko Andover, katika nyumba ya maskini, wanaume waliopewa kazi ya kusaga mifupa ya mbolea walikuwa wakiiguguna kwa njaa. *Oliver Twist* ilianza kutoka 1837, miaka minane kabla. Anayesema Dickens alitia chumvi asome habari za Andover kwanza.

Na alijifunza. Mwaka 1843, ripoti ya watoto wafanyakazi ilipomfikia, alinuia kuandika kijitabu cha siasa. Akakiacha, na mwisho wa mwaka ikatoka *A Christmas Carol*. Mwaka uleule alikwenda Field Lane, mtaa wa London, kuona shule ya watoto wa mitaani. Ndiyo maana Jo wa riwaya ya *Bleak House*, mtoto mfagia njia, hana Kiingereza safi wala hana Brownlow. Anaugua katika mtaa mbovu ambao kesi yake imelala mahakamani, ugonjwa wake unamfikia Charley, kijakazi mdogo, kutoka kwa Charley unamfikia bibi yake Esther, mmoja wa wasimulizi wa riwaya, na kumharibu uso. Hapo Dickens ameshatoka dirishani. Jo anakufa, na mwandishi anamgeukia Malkia moja kwa moja kumwambia kwamba wanakufa hivi kila siku.

Na sisi Waafrika? Riwaya hiyohiyo ina Bi Jellyby, anayehangaikia Waafrika wa ukingo wa mto Niger huku wanawe wakianguka ngazi. Lawama kwa mama huyo ni ya haki, lakini Waafrika wenyewe hawapewi hata sura moja, na mwaka 1853 Dickens aliandika makala kuhusu "mshenzi" akitamani afutike duniani. Siwezi kumtetea katika hilo na sitajaribu. Kijana aliyejua uchungu wa kutazamwa dirishani alitutazama sisi vivyo hivyo. Mfundisheni pamoja na makala hiyo, msiifiche.

Mwenyekiti ananionesha saa. Riwaya ya *Hard Times* na mgomo wa wafanyakazi wa Preston vitabaki, na riwaya ya *Little Dorrit*, ambayo yote imejengwa juu ya Marshalsea, ilistahili mhadhara wake. Walimu, nawaomba hili: muhula ujao anzeni na deni la mwoka mikate. Karibuni maswali.