Leso ya Peni Kumi

Habari za jioni. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati.

Naomba kwanza mwitazame leso hii. Wenzetu wa Mombasa, si ya kujifunga. Ni ya kufutia jasho. Mngeikadiria bei gani? Katika London ya miaka ya 1700, jibu lako lingeamua kama mwizi wake atarudi nyumbani au atatiwa kitanzi. Kumchomolea mtu mfukoni, kwa siri, kitu cha zaidi ya peni 12, yaani shilingi moja (jina la shilingi yetu lilitoka huko huko), adhabu yake ilikuwa kunyongwa, tangu sheria ya 1565 hadi 1808. Kisichofika shilingi kilikuwa wizi mdogo: viboko, pengine ukiwa umefungwa nyuma ya mkokoteni unaopita barabarani, watu wakitazama.

Sasa fungueni kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey. Kuna maneno yanajirudia mpaka yanachekesha: ana hatia, kwa thamani ya peni 10. Mwenye leso ameapa ni ya shilingi mbili. Wanajuri 12 wanainamiana, wananong'onezana, wanasema peni 10. Hawa si wazee wa baraza wa kumshauri jaji, walichosema ndicho. Kwa wizi wa dukani mpaka wa kitanzi ulikuwa shilingi 5, kwa hiyo bidhaa zikashushwa hadi shilingi 4 na peni 10. Kwa wizi wa ndani ya nyumba mpaka ulikuwa shilingi 40, na hapo hata fedha taslimu, ambayo haina ubishi wa bei, ilihesabiwa ikatoka shilingi 39! Blackstone, bingwa wa sheria wa zama hizo, aliuita huu uongo wa kichamungu.

Huruma ilikuwemo, sikatai. Lakini wanajuri walikuwa watu wenye mali, nao walijua kwamba tangu sheria ya 1718 mwizi aliyeponea kitanzini angeweza kusafirishwa Amerika miaka 7. Ukimshushia bei humwachii, unampakia melini.

Zamani kidogo kulikuwa na mlango mwingine wa kuponea. Kwa wizi wa kawaida, anayejua kusoma alihesabiwa kama kasisi: akapewa Zaburi ya 51, "Ee Mungu, unirehemu", akisoma anachomwa chapa gumbani na kwenda zake. Waliuita mstari wa shingo. Ukiikariri Zaburi hiyo moja, hata usijue alifu, umepona. Jaribio hilo likafutwa 1706.

Kesi zenyewe zilikwenda mbio, nyingi hazikufika nusu saa. Juu ya kizimba waliweka kioo cha kummulikia mshtakiwa uso, juri wamsome anavyobadilika akisikia ushahidi. Mlalamikaji aliendesha mashtaka mwenyewe, kwa gharama zake. Mshtakiwa alijitetea mwenyewe. Hata alipopata wakili, wakili huyo hakuruhusiwa kulihutubia juri hadi 1836.

Mmoja wao ndiye ninayemfikiria kila nikizisoma karatasi hizi. Desemba 1783, kizimbani amesimama John Hudson. Wanamuuliza umri: anaelekea miaka tisa. Kazi? Hana, mara nyingine husafisha mabomba ya moshi. Wazazi? Wamekufa. Lini? Hajui.

Anashtakiwa kuvunja nyumba usiku, kosa la kitanzi, na kuiba shati, soksi za hariri, bastola na aproni mbili. Ushahidi ni masizi. Mezani chini ya dirisha kumebaki alama za vidole vya mguu, vidogo, na mwenye nyumba amezichukua kwenye karatasi. Sijui kama mnaiona picha hiyo: mtu mzima ameinama mezani, anakandamiza karatasi juu ya unyayo wa mtoto.

Jaji hakuyapenda maungamo ya mtoto. Akawaambia juri kwamba hata wakiyakubali, yanathibitisha tu kuwa aliingia ndani. Pengine kulikuwa kumeshapambazuka, maana mwenye nyumba alipata habari saa mbili asubuhi. Mapambazuko hayo ndiyo yaliyomwokoa. Bila usiku, hakuna kosa la kuvunja nyumba usiku, ukabaki wizi. Akapewa miaka 7 ng'ambo.

Tatizo, Desemba 1783 hiyo ng'ambo yenyewe haikuwepo. Amerika ilikuwa imeshajitenga, na magereza yalikuwa yamefurika. Mtoto akasubiri. Mwaka 1787 ndipo alipopakiwa kwenye meli Friendship, katika msafara wa kwanza wa wafungwa kwenda Australia. Walifika Januari 1788, na kifungo chake kilikuwa kimeshakwenda miaka minne akiwa bado hajafika anakopelekwa.

Naona mkono wa bwana yule wa nyuma. Karibu.