Muhuri Hauna Macho

Mkuu wa Chuo, walimu, na nyie wanangu mnaomaliza masomo ya ukaguzi wa nyama mwezi huu, asanteni kwa kunialika. Kwenye ratiba pameandikwa "Mkaguzi: kazini, hadithini na nyumbani". Nitajitahidi kufika mpaka nyumbani. Ila wanaonifahamu wanajua hoja yangu ni moja. Nimeisema kwenye semina, kwenye vikao vya madiwani, hata matangani, na leo naisema tena kwa sababu kila nikipita machinjioni naona bado haijasikika.

Muhuri hauna macho. Mwenye macho ni mtu. Wino ule wa zambarau tunaougonga kwenye nyama ni ushahidi tu kwamba kuna mtu alisimama pale, akashika, akakata, akanusa, akaridhika. Kama hakuna aliyefanya hivyo, ule wino ni uongo, na ni uongo mbaya kuliko nyama isiyo na muhuri kabisa. Mama akikuta buchani nyama haina muhuri, ataigeuza, ataibonyeza kwa kidole, atainusa, atauliza imechinjwa lini. Akiuona muhuri anafungua pochi. Muhuri umemwambia: tulia mama, kuna mwenzio ameshakuangalizia. Sasa kama huyo mwenzio alikuwa kitandani, umemnyang'anya huyu mama macho yake mwenyewe na hukumpa mengine.

Hiki kisu nimekuja nacho makusudi. Kipitisheni, mkishike mpini. Nilipokinunua kilikuwa na upana wa vidole viwili. Kwa kunolewa kimebaki kama jani la mchaichai. Kiangalieni huku nikiwasimulia.

Katikati ya miaka ya 1990 nilipangiwa mji mdogo, siutaji. Nilikuwa na umri kama wenu. Usiku wa pili tangu nifike nilikwenda machinjioni saa tisa, karabai mbili zinawaka, manyunyu yanadondoka. Nikakuta ng'ombe watatu wameshachunwa, wamening'inizwa, na kila paja lina muhuri. Begi langu bado liko begani! Nikauliza, nani kakagua? Kijana mmoja akachomoa muhuri kwenye mfuko wa kaptula kama mtu anavyochomoa leso. Aliyenikabidhi kazi alikuwa amewaachia ili yeye asiamke usiku. Mzee mwenye ng'ombe, mtu mpole kweli, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia: "Binti yangu, usijisumbue na baridi hii. Nyama ina muhuri tayari."

Nyama ina muhuri tayari. Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote.

Nikaomba maini. La kwanza halikuwa na neno. La pili, mirija ya nyongo ilikuwa migumu kama vijiti, na nilipoipasua wakatoka minyoo, bapa, kama majani ya mwarobaini yaliyolowa. Hao mtawaona kila wiki. Ng'ombe wa tatu alikuwa jike mzee wa maziwa. Nikaingiza vidole katikati ya mapafu, pale penye tezi. Tezi nzima ni laini, unaibonyeza inarudi. Hii ilikuwa kubwa kama yai la bata, na ngumu. Nikaweka kisu, hicho hicho mlichokishika. Wanangu, kisu kilikwaruza. Kililia kama kinapita kwenye mchanga. Ndani usaha mkavu wa manjano, mfano wa jibini, na chembe za chokaa. Nikaenda tezi za kichwani: vilevile. Za utumbo: vilevile. Ini lake: vinundu. Kifua kikuu, kimeenea mwili mzima. Hapo mwili unafanywaje? (Wanafunzi: "Unatupwa wote!") Wote. Si mapafu peke yake.

Hapa ndipo watu hunikatiza: "Mama, nyama ikichemshwa vizuri vijidudu vinakufa." Vinakufa, sikatai. Tena kifua kikuu cha ng'ombe humfikia mtu kwa maziwa mabichi zaidi kuliko kwa nyama. Ndiyo maana sikuishia kwenye shimo la kufukia. Nilimuuliza yule mzee: baba, huyu umemnunua zizi gani? Akanitajia nyumba moja jirani na soko. Asubuhi nikaenda. Nikakuta majike wanne kwenye banda moja, wanapumuliana, mmoja anakohoa. Na mlangoni watoto wamepanga foleni na vidumu vyao, wanasubiri maziwa. Yule aliyening'inia kwenye ndoano alikuwa akikamuliwa humo humo mpaka mwezi uliopita.

Tezi ilinipa habari za zizi, zizi likanipa habari za watoto. Ule muhuri wa mfukoni ungelizika swali lote hilo saa tisa usiku, na watoto wangerudi na vidumu kesho yake na kesho kutwa. Majike wale walipimwa kifua kikuu kwa sindano ya ngozi, wawili wakavimba, ndiyo dalili ya kuwa nacho. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachemshe maziwa mpaka yaumuke. Mimi niliitwa ofisini nikaambiwa naharibu mapato ya mji. Miezi miwili nililala na ule muhuri chini ya mto.

Najua mnachowaza. Usafiri hakuna, posho ya usiku haiji, machinjio yako matatu na mkaguzi ni mmoja. Ni kweli, na nimelipigania hilo kwa barua nyingi kuliko mnavyodhani. Lakini jibu la upungufu ni kukagua machinjio moja sawasawa na kuandika kwa kalamu kwamba mawili hayakukaguliwa. Andikeni! Pengo likiandikwa, bosi analiona. Muhuri wa uongo unamfichia, halafu mwakani anawaambia mbona mnaweza wenyewe, watu wa nini tena.

Na yupo mmoja hapa, amesoma, atanyoosha mkono aniambie Ulaya wameacha kukata. Ni kweli. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulibadili kanuni, nguruwe wa kawaida sasa anakaguliwa kwa macho tu bila kukatwa tezi. Sababu yao ni nzuri: kisu kinachotoka mzoga hadi mzoga kinabeba vijidudu vya salmonela. Lakini wao nguruwe wao amefugwa ndani, na taarifa zake zinatoka shambani kabla yeye hajafika. Wa kwetu ametokea wapi? Amezurura, amekula kinyesi cha mtu nyuma ya nyumba isiyo na choo, amebeba tegu, mnyoo ambaye mtoto wake hukaa kama punje ndani ya nyama. Mtu akimla huyo bila kuiva, anapata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo yakitoka kwake yakaingia kinywani mwa mtu, kwa mikono au maji machafu, yanaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 ya visa vya kifafa vinatokana naye. Tumekaa vijijini tukisema mtoto karogwa!

Wanunuzi wa nguruwe wenyewe wanajua ukaguzi. Mmewaona: nguruwe analazwa chini, mti unawekwa mdomoni, ulimi unavutwa kwa kitambaa, na kidole kinapita chini yake kutafuta punje. Hawana cheti, lakini wanagusa. Kasoro ya njia yao ni kwamba inamnasa aliyejaa tegu, mwenye wachache anapita. Kazi yenu ni kumkamata huyo aliyepita, kwa kukata moyo, ulimi na misuli ya taya. Kwa hiyo mkitaka kuweka kisu chini kama Ulaya, jengeni kwanza vyoo na mabanda.

Muda unakwenda. Niseme la kivuko. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kilipinduka kikiwa kimejaza watu kupita namba hiyo, wakafa watu 228. Namba 101 ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa. Namba haisimami kwenye daraja la kupandia ikahesabu vichwa. Na Bangladeshi, jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza, mwaka 2013: nyufa zilionekana, mhandisi akaitwa, akasema si salama. Huyu aliangalia kweli. Kesho yake washonaji wakarudishwa ndani, jengo likaanguka, wakafa 1,134. Mhandisi hakuwa na mamlaka ya kufunga mlango. Hili la mamlaka linataka mhadhara wake peke yake.

Hadithini, nitapita haraka isipokuwa kwa mtu mmoja. Mrusi Nikolai Gogol aliandika tamthilia mwaka 1836, ipo kwa Kiswahili, Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mkuu wa mji anasikia mkaguzi anakuja, na agizo lake hospitalini ni wagonjwa wavishwe kofia safi. Kofia! Hiyo ndiyo hasara ya ukaguzi wa kutoa taarifa, na sisi bado tunatuma barua wiki mbili kabla. Mmarekani Upton Sinclair naye, mwaka 1906, kwenye riwaya yake ya viwanda vya nyama vya Chicago, ameweka mkaguzi wa serikali anayepapasa tezi za shingo za nguruwe kutafuta kifua kikuu. Ukimsemesha anakujibu vizuri, na huku mizoga inampita bila kuguswa. Mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama.

Lakini ninayemwonea fahari ni wa kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetupa riwaya za mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Wengi mmemsoma shuleni. Mnajua alianzia kazi gani? Kabla ya uhariri wa magazeti, mwaka 1938, aliingia Idara ya Afya kama mkaguzi. Mwenzetu! Msomeni upya mkijua hilo. Yupo Inspekta Seif mwenye cheo na mamlaka, na yupo Bwana Msa asiye na cheo chochote, naye ndiye anayerudi kutazama kitu ambacho wote wameshakitazama. Miaka ya kuingia majumbani mwa watu ndiyo iliyomfundisha huyo mwandishi kuona namna hiyo, mimi sina shaka.

Sasa wanyama, dakika tano nimeambiwa. Mkaguzi bora nchini hana hata kilo mbili, na anaishi Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya buku wa APOPO, shirika linalowafundisha kazi. Wananusa mabomu ya ardhini, wananusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa pale, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu huko Uingereza. Watu wanasifu pua. Mimi nasifu utaratibu. Panya hapewi ndizi kwa kufika kazini, anapewa kwa kupatia. Hapelekwi kwenye uwanja wa mabomu mpaka apite mtihani. Na kwenye makohozi, katikati ya sampuli zisizojulikana huwekwa nyingine ambazo majibu yake yanajulikana, ili kila siku ijulikane kama pua bado inafanya kazi. Sisi wakaguzi wa binadamu, nani ametuwekea sampuli ya namna hiyo? Nilifanya kazi zaidi ya miaka thelathini na hakuna aliyewahi kuniletea ini analolijua yeye, aone kama nitalipata. Nililiomba hilo kwa maandishi. Ninyi liombeni tena.

Nilikuwa na ya paka wangu pia, anayekagua kila mfuko unaoingia mlangoni, hata ule aliounusa jana. Na ya maziwa, na ya mizani za sokoni. Mwenyekiti ananionyesha saa, basi.

Moja tu. Nimeongea na mwalimu wenu, kesho tunakwenda machinjioni. Gari litasimama getini saa nane na nusu usiku, halitasubiri mtu. Machinjio hawajaambiwa tunakuja, na nyie msiwaambie. Vaeni buti za mpira, njooni na visu viwili kila mmoja, vilivyonolewa, na tochi. Nani ana kisu changu?